Land Rover au Land Cruiser: Lipi Gari la Kutegemewa?

Yako mabishano yasiyo na mwisho. Mengine ni ya ng'ombe, mengine ni ya mpira, na mengine ni ya magari. Mahali popote katika Kenya ambapo lami hukoma na matope huanza, ukiwakuta wazee wanne wameketi mbele ya duka, wawili watakuambia ya kuwa hakuna gari duniani ila Land Rover, na wawili watakuapia ya kuwa gari ni Land Cruiser na mengine yote ni mikokoteni. Wahenga walisema, Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kila mtu hulisifu gari alilolizoea, na hasa lile alilolilipia kwa fedha zake mwenyewe.

Lakini mabishano haya si ya kupoteza wakati tu. Mimi ni karani wa chama kidogo cha wakulima wa maziwa katika nyanda za juu za Nyandarua. Kutoka mahali tunapokusanyia maziwa mpaka kwenye barabara ya lami ni mwendo wa kilometa 14, na udongo wetu ni ule mweusi ambao ukinyeshewa hushika tairi kama gundi. Wakati wa masika lori la maziwa haliwezi kutufikia, na maziwa ya asubuhi huchacha ndani ya madebe mbele ya macho ya mwenye ng'ombe. Kwa ajili hiyo wanachama walikubali kukatwa fedha kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitatu ili tununue gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Fedha zilipotimia, ndipo mabishano yalipoanza. Nami kwa kuwa niliagizwa na halmashauri kuchunguza jambo hili, naona yafaa niwaeleze wasomaji yale niliyoyapata, maana viko vyama vingi na wakulima wengi wenye haja kama yetu.

JINSI MAGARI HAYA YALIVYOANZA

Yafaa kwanza tufahamu asili yake, kwa sababu tabia ya chombo hutokana na kazi ambayo kiliundiwa. Mzazi wa magari yote mawili ni Jeep, gari dogo la jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha, Bwana Maurice Wilks, aliyekuwa mkuu wa ufundi katika kampuni ya Rover huko Uingereza, alikuwa na Jeep moja kuukuu katika shamba lake kwenye kisiwa cha Anglesey. Aliona jinsi lilivyomfaa katika kazi za shamba, akafikiri, Je, kwa nini sisi wenyewe tusiunde gari la namna hii kwa wakulima? Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6 na nguvu za farasi 50 tu.

Siku zile chuma kilikuwa haba katika Uingereza na kiligawanywa kwa kipimo, lakini aluminiamu ilipatikana, kwa kuwa viwanda vya ndege za vita havikuihitaji tena kwa wingi. Basi mwili wa Land Rover ukatengenezwa kwa bati la aluminiamu. Jambo lililofanywa kwa ajili ya shida likawa sifa kubwa, maana aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma. Tena gari hilo liliundwa liweze kuzungusha mashine za shamba, kama msumeno na mashine ya kupura nafaka, kwa nguvu za injini yake. Kwa hiyo Land Rover ilizaliwa mkulima.

Land Cruiser ilizaliwa askari. Mwaka 1951 kampuni ya Toyota ya Japani iliunda gari lililoitwa Jeep BJ, lenye injini ya lita 3.4 na mistimu sita, na nguvu za farasi 85. Katika mwezi wa Julai mwaka huo dereva wake alilipandisha Mlima Fuji mpaka kituo cha sita, mbele ya maofisa wa polisi. Mwaka 1954 jina likabadilishwa kuwa Land Cruiser, kwa kuwa Jeep lilikuwa jina la wenyewe, na Wajapani walitaka jina ambalo heshima yake haikupungua ile ya Land Rover. Msomaji ataona ya kuwa ushindani huu ulianza hata katika majina.

Tofauti hii ya asili yaonekana hata leo. Mwingereza alianza na injini ndogo na mwili mwepesi, akafanya kila kitu kiwe rahisi kufunguliwa kwa spana. Mjapani alianza na injini kubwa isiyokaza mishipa, akafanya kila kitu kiwe kinene kuliko ilivyohitajiwa.

MANENO YA WATU WA LAND ROVER

Mzee mmoja katika halmashauri yetu, ambaye alikuwa dereva wa serikali tangu ujana wake, ndiye aliyekuwa msemaji wa Land Rover. Alisimama akasema: "Ndugu zangu, gari hili liliwachukua mabwana shamba, madaktari wa mifugo na polisi katika nchi hii kabla ya barabara kuwapo. Likiharibika, huhitaji mtaalamu kutoka mjini. Mlango umefungwa kwa bolti, bodi imefungwa kwa bolti, hata matao ya magurudumu yamefungwa kwa bolti. Ukigonga mti, unanyoosha kwa nyundo na kuendelea na safari. Nendeni Maralal mkaone."

Maneno yake yana ukweli. Mji wa Maralal katika nchi ya Wasamburu wajulikana kwa Land Rover za zamani, ambazo huchukua abiria, mbuzi na magunia katika njia za mawe ambazo gari la kawaida haliwezi kuzipita. Baadhi yake zina umri mkubwa kuliko madereva wake. Tena gari hili lilipata kuungwa hapa hapa nchini, katika kiwanda cha Leyland mjini Thika kilichojengwa katika miaka ya 1970, na kwa hiyo mafundi wengi wa Kenya walikua pamoja nalo.

Wala sifa zake si za hapa tu. Mwaka 1955 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London kwa Land Rover mbili, na mwaka 1956 wakafika Singapore kwa njia ya nchi kavu. Kufikia mwaka 1976 Land Rover milioni moja zilikuwa zimekwisha kuundwa.

MANENO YA WATU WA LAND CRUISER

Mwenye kumjibu alikuwa kijana, mfanya biashara wa viazi. Alisimama kwa adabu akasema: "Mzee wangu, nakuheshimu, lakini umetueleza jinsi Land Rover inavyotengenezwa kwa urahisi. Mimi nauliza, Kwa nini itengenezwe kila mara? Gari ninalolitaka ni lile ambalo spana zake zitapata kutu kwa kukaa bure." Watu wakacheka sana, hata mzee mwenyewe.

Naye hakukosa hoja. Land Rover za zamani zilijulikana kwa udhaifu wa mti wa ekseli ya nyuma, ambao hukatika mtu akiachia klachi kwa ghafula huku gari limebeba mzigo mzito. Tena zajulikana kwa kuvuja oili, hata wenye kuzipenda husema kwa mzaha ya kuwa ikiacha kuvuja basi oili imekwisha. Ekseli na sanduku la gia la Land Cruiser ni vinene, na injini yake kubwa haifanyi kazi kwa kukazana. Injini yake ya dizeli iitwayo 1HZ, ya lita 4.2, iliyotolewa mwaka 1990, haina vyombo vya umeme vya kuongoza mafuta wala haina tabo, nayo yastahimili kazi ngumu kwa miaka mingi.

Mfano mzuri ni Australia. Huko, katika kazi kubwa ya kujenga mabwawa na mitambo ya umeme kwenye milima ya Snowy iliyoanza mwaka 1949, Land Rover ndizo zilizokuwa nyingi mwanzoni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwenye kandarasi mmoja, Bwana Leslie Thiess, alianza kuagiza Land Cruiser kutoka Japani kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Baadaye Land Cruiser zikaenea katika mashamba na migodi ya nchi ile. Katika Afrika Mashariki vilevile, mashirika ya misaada, polisi na wachukuzi wa watalii walihama mmoja mmoja kutoka gari la Mwingereza kwenda gari la Mjapani. Kufikia mwaka 2019 Land Cruiser zaidi ya milioni kumi zilikuwa zimeuzwa duniani.

KUTEGEMEWA NI NINI?

Baada ya kuwasikiliza wote wawili niliona ya kuwa walikuwa wakibishana juu ya mambo mawili mbalimbali kwa neno moja. Mzee aliposema "gari la kutegemewa", maana yake ni gari ambalo likiharibika laweza kutengenezwa upesi mahali lilipo. Kijana aliposema "gari la kutegemewa", maana yake ni gari ambalo haliharibiki mara kwa mara. Sifa hizi si moja, ingawa zote ni njema. Mwenye kwenda mbali nyikani, ambako hakuna fundi kwa mamia ya kilometa, yampasa aitafute sifa ya pili. Mwenye kuzunguka karibu na kwake, tena mwenye fundi jirani, aweza kuridhika na ile ya kwanza, hasa akipata gari kwa bei nafuu.

Liko kosa jingine ambalo wengi wetu hulifanya. Huona Land Rover ya mwaka 1965 ikipanda mlima, tukasema, Tazama, magari ya zamani hayafi! Tunasahau zile ambazo zimekuwa mabanda ya kuku nyuma ya nyumba za watu. Gari lililobaki barabarani ni shahidi mmoja tu. Mashahidi waliokufa hawaitwi barazani.

Na kosa la tatu ni kusema jina la kampuni bila kutaja umri na aina ya gari. Land Rover ya zamani yenye injini ya lita 2.25 si sawa na ile yenye injini ya Td5 ya mwaka 1998, ambayo huongozwa na vyombo vya umeme na huhitaji fundi mwenye mashine ya kuipima. Land Rover ya umbo lile la zamani, ambayo tangu mwaka 1990 iliitwa Defender, iliacha kuundwa Solihull tarehe 29 Januari 2016, na Defender mpya inayoundwa Slovakia ni gari jingine kabisa, la starehe na la bei kubwa. Vivyo hivyo Land Cruiser ya namba 70, iliyotolewa mwaka 1984 na ambayo bado ni gari la kazi, si ndugu wa karibu wa zile Land Cruiser kubwa za kifahari wanazopanda wakubwa mijini. Mtu akikuambia, "Nunua Land Cruiser," muulize, "Ipi?"

HABARI YA USIKU MMOJA

Sasa nitawaeleza jambo ambalo lilinifunza kuliko maneno yote ya barazani. Mwishoni mwa mwaka 1997, wakati wa mvua kubwa za El Niño, kikundi chetu cha zamani kilikuwa na gari moja la namna hii. Usiku mmoja mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mambo hayakwenda sawasawa. Mkunga akasema apelekwe hospitali mara moja. Tulimpandisha garini, tukaondoka katika mvua.

Gari lilipita matope yote bila kukwama. Daraja la miti tulilivuka. Lakini tulipokuwa tumekwenda kilometa nne, mvuke ulitoka mbele, na injini ikazima. Bomba la mpira la rejeta lilikuwa limepasuka. Kila mmoja wetu alijua ya kuwa bomba lile lilikuwa bovu, maana lilikuwa limefungwa kwa ukanda wa mpira tangu miezi mingi. Kila dereva alilifunga tena, akamwachia mwenzake. Hapakuwa na bomba jingine, wala hapakuwa na ukanda mwingine wa kufungia. Tulimchukua mama yule juu ya mlango wa banda, watu wanne kwa zamu, mpaka tukafika lami kulipopambazuka. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Wasomaji watauliza, Gari lilikuwa la aina gani? Sitasema, maana kosa halikuwa la aliyeliunda. Bei ya bomba lile haikufika bei ya debe moja la maziwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ziko kuta ambazo haziwezi kujengwa tena.

MASHAURI KWA MNUNUZI

Kwa hiyo, ewe mkulima au mwanachama unayetaka kununua gari kuukuu la aina yoyote, fanya haya kabla ya kuhesabu fedha.

Kwanza, usiongozwe na rangi. Lala chini uitazame chesisi. Katika Land Rover aluminiamu ya juu yaweza kung'aa huku chesisi ya chuma iliyo chini imekwisha liwa na kutu, hasa kama gari lilikaa pwani. Tazama pia mahali ambapo aluminiamu hukutana na chuma, maana hapo ndipo metali hizo mbili hulana. Katika Land Cruiser za zamani mwili wenyewe ni wa chuma, basi tazama sakafu, chini ya milango, na mahali springi zinapoungwa na chesisi. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, chuma kilichooza hunyamaza.

Pili, washa injini ikiwa baridi, wala usikubali kukuta mwenye gari amekwisha kuiwasha. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na maji yanayopungua, waweza kuwa ni maji yanayoingia ndani ya mistimu.

Tatu, uliza mkanda wa ndani wa injini ulibadilishwa lini. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser na ile ya 300Tdi ya Land Rover zote mbili zina mkanda huo, na ukikatika safarini injini huharibika vibaya. Kama mwenye gari hajui, hesabu ya kuwa haukubadilishwa, ukaubadilishe mara moja.

Nne, jaribu gia za magurudumu manne mbele ya macho yako, zile za kawaida na zile za nguvu. Magari mengi hukaa miaka bila kutumia gia hizo, nazo hukwama.

Na ukiisha kulinunua, mfundishe dereva wako jambo hili: katika magari mengi ya zamani gia ya magurudumu manne si ya kutumiwa juu ya lami kavu. Gurudumu la mbele na la nyuma hayaendi mwendo sawa katika kona, na ikiwa hayawezi kuteleza hushindana, mpaka kitu kivunjike ndani. Watu wengi wamevunja sanduku la gia kwa ujinga huu, kisha wakaenda kuwalaumu Waingereza au Wajapani. Tena gia hiyo huingizwa kabla ya kuingia matopeni. Anayeikumbuka baada ya kukwama amechelewa.

Mwisho, chunguza vipuri. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na kwa hiyo magari ya kazi ya zamani yaliyomo nchini hupita mkono kwa mkono, na bei ya Land Cruiser nzima haishuki upesi. Nenda kwenye mji ulio karibu nawe, uingie dukani, uulize bei ya klachi, ya bomba la rejeta, na ya bushi za springi, kwa gari unalolitaka. Majibu ya mwenye duka yatakufaa kuliko mabishano ya mwezi mzima.

UAMUZI WETU

Niliyasoma haya yote mbele ya halmashauri. Maoni yangu niliyaeleza wazi, na hapa nayarudia. Kwa mzigo mzito wa kila siku na safari ndefu, na kwa mwenye fedha za kutosha, Land Cruiser ya namba 70 yenye injini ya dizeli isiyo na mambo mengi ndiyo itakayomwangusha mara chache. Kwa mwenye fedha kidogo, aliye na fundi hodari karibu, tena mwenye subira, Land Rover ya zamani yenye chesisi nzima bado ni rafiki wa mkulima kama Bwana Wilks alivyokusudia. Magari mapya yenye vyombo vingi vya umeme, yawe ya huyu au ya yule, hayafai kwa chama kama chetu kilicho mbali na gereji kubwa.

Chama chetu kilipiga kura, na Land Cruiser kuukuu ya pick-up ikashinda kwa kura chache. Lakini kura iliyonifurahisha zaidi ilikuwa ya pili, ambayo haikupingwa na mtu hata mmoja. Iliamuliwa ya kuwa katika kila lita ya maziwa senti kadhaa ziwekwe katika mfuko wa matengenezo, usioguswa kwa jambo lingine. Ya kuwa dereva awe mmoja, naye atie sahihi katika daftari kila asubuhi baada ya kutazama maji, oili, mikanda na mabomba. Na ya kuwa chini ya kiti pawe na bomba la rejeta na mkanda wa feni siku zote.

Aliyetoa shauri hilo la mwisho ni yule mzee wa Land Rover. Gari lake lilishindwa, lakini alisimama akasema, "Basi, kama ni la Mjapani na liwe la Mjapani. Lakini funguo za kisanduku cha vipuri nitakaa nazo mimi." Hakuna aliyembishia, maana usiku ule wa mwaka 1997 yeye alikuwa mmoja wa wale wanne walioushika mlango.